Pneu za Mzee Kambale na Kona za Kulia

Kabla sijaanza, wekeni simu mfukoni. Nawajua ninyi vijana wa depo za siku hizi. Mteja anafika, mnapiga picha ya tairi lake, mnaituma Kampala, mnakaa kusubiri jibu huku mkicheka na wachumba. Jibu likirudi mnampa kile kilichotajwa, na mteja akiondoka hamkumbuki hata sura yake. Mimi nimeuza matairi hapa Butembo tangu nilipokuwa msichana wa kufagia depo mpaka mgongo uliponiambia inatosha. Watu walinipa jina la Mama Pneu, maana kwetu Kongo tairi ni pneu, hata kwa mtu asiyejua Kifaransa kingine chochote.

Mmeniomba niwafundishe kuchagua pneu. Haya, nitawafundisha, ila nawaonya mapema. Kazi ya mwisho niliyoifanya, nikiwa tayari nimestaafu na nimeshaanza kuzoea kulala mchana, ilinivuruga kichwa kuliko zote. Kwa sheria za kazi yetu nilichagua vibaya. Kwa sheria nyingine, ambazo hata sijui ziliandikwa na nani, labda nilichagua vizuri. Mpaka leo sijui.

Tuanze na kidole gumba. Aliyenifunza ni mzee Muhindo, aliyekuwa kwado, yaani fundi wa kuziba matairi, nje ya depo yetu. Siku zangu za kwanza nilikuwa natazama meno ya tairi tu. Nikiona meno marefu na weusi unaong'aa, nasema hili ni jipya. Mzee Muhindo alinicheka mpaka akakaa chini. Akaniambia kwamba weusi unapakwa kwa brashi, na meno yanachongwa kwa kisu cha moto nyuma ya soko, kwa hiyo nisiamini uso wa tairi. Akanishika mkono, akapitisha gumba langu ndani, kwenye lile duara gumu linalokaa juu ya jante, chuma cha gurudumu. Gumba likateleza, likateleza, halafu likaanguka mahali palipobonyea.

Akasema, "Apa njo pneu inafia. Uku inje ni mapambo."

Palibonyea kwa sababu ya kontena. Wanaotufungia mizigo huko mbali hawapendi nafasi tupu. Wanakunja tairi moja na kulisukuma ndani ya jingine, mara nyingine wanaongeza la tatu, na tumbo la katikati wanalijaza viatu na suruali. Ndani ya lile duara kuna nyaya. Nyaya zikishavunjika, tairi linaonekana zima kabisa mpaka siku utakapolijaza upepo nalo liruke usoni mwako. Nimeona mtu akivunjwa mkono hivyo, wala hakuwa mjinga. Kwa hiyo gumba kwanza, macho baadaye.

Sasa mzee Kambale.

Alifika kwangu nyumbani asubuhi, amekaa nyuma ya pikipiki ya teksi, amekumbatia jante kuukuu kifuani. Nilimjua. Watu wengi wa Beni walimjua, kwa sababu ya gari lake. Ujana wake alikuwa dereva na fundi wa mzungu mmoja aliyelima kahawa, na mzungu yule alipoondoka alimwachia gari dogo la mbio, la milango miwili, la chini sana. Mara ya kwanza nilipoliona limesimama nilidhani limezama kwenye udongo. Kambale alilitunza miaka yote hiyo, injini yake anaifungua mwenyewe, hamwachii mtu spana. Yeye na mkewe, Mama Kavira, waliondoka kanisani ndani ya gari hilo siku ya ndoa yao.

Aliiweka jante miguuni pangu kabla hata ya kunisalimu.

"Mama Pneu, unisomee ii. Minatafuta pneu yake ine."

"Karibu kwanza, mzee. Motokari iko wapi?"

"Iko hapa. Ilishuka na Fuso kutoka Beni, mu kati ya masaki ya kakao. Sasa ikona harufu ya chokola, mais lakini ni nzima. Tena mutu asiniguse bati yake. Mutu yeyote."

Nikasoma. Kwenye chuma palichongwa 165, kisha 400. Basi.

Nawaambia ukweli, niliona haya. Tairi za leo mnazijua: upana unaandikwa kwa milimita, halafu jante inaandikwa kwa inchi, vyote juu ya tairi moja, na aliyepanga hivyo sijui alikuwa anamkimbia nani. Tumezoea kuona kumi na tatu, kumi na nne, kumi na tano, kumi na sita. Mia nne ni nini? Nilidhani ni kilo za mzigo. Kisha nikadhani ni namba ya kiwanda. Nikaenda kwa jirani yangu mshonaji nguo, nikaazima ule utepe wake wa kupimia viuno, wenye sentimita upande mmoja na inchi upande wa pili. Jante ilikuwa sentimita arobaini kamili. Kwa upande wa inchi ilikuwa kumi na tano na robo tatu. Hiyo ndiyo ilikuwa mia nne: milimita tu, za zamani, kabla ya watu kuchanganya mambo.

Maana yake mnaielewa. Tairi la kumi na tano linakataa kuingia. La kumi na sita linaingia na kucheza kama kofia ya baba kichwani mwa mtoto. Na hapa Butembo, mji ambao ukitaka sindano au jenereta unapata, hapakuwa na tairi hata moja la mia nne. Nilipita depo zote. Kijana mmoja akaniambia niache tu, yeye atalilazimisha la kumi na tano kwa sabuni na upepo mwingi. Nilimtazama mikono yake mizuri, nikamwambia aendelee kuuza mafuta ya breki.

Nilirudi kwa mzee Kambale nikamwambia ukweli. Nilitaka aniambie, haya basi, tuache. Ndipo akanieleza.

Yeye na mkewe walikuwa wanakaribia miaka hamsini ya ndoa. Parokia imeshapanga Misa ya jubilei, watoto wanachanga, kwaya inafanya mazoezi. Lakini yeye alikuwa na neno moja tu.

"Mama atafika kanisa mu ile motokari. Kama hapana, jubilei haiko. Bakule wali yao."

"Mzee, batu banaendaka kanisa na miguu kila siku."

"Njo maana," akasema. Kisha akatazama kando, akaongea taratibu. "Siku ile ya kukimbia vita, motokari ilikuwa juu ya mbao. Nilikuwa nimetoa pneu, nimezipanga inje nizioshe. Vijana ba kwetu bakazikamata, bakaenda kuzichoma mu barabara, ile siku ya ville morte, muji yote ilifungwa kwa mugomo. Kiisha, saa ya kukimbia ikafika. Miye mutu wa motokari, niko na motokari mu nyumba, Mama anatembea na miguu. Njia yote ile, Beni mpaka huku. Mutoto wa mutu, na kitanda ya mukeka ku kichwa."

Akaongeza kwamba anataka gari liwe vilevile lilivyokuwa siku ya ndoa. Chini. Kwamba siku ile Mama Kavira alicheka njia nzima kwa sababu barabara ilikuwa inapita karibu na kiwiko chake.

"Usinipandishie motokari, Mama Pneu. Hata kidole."

Nikaahidi. Nyie kumbukeni hapo niliahidi.

Haikupita wiki, Mama Kavira naye akaja, peke yake, amebeba sombe, majani ya muhogo, kama mtu aliyepita tu kusalimu. Ni mama mwembamba, wa maneno machache, wa chama cha kina mama wa parokia. Alikaa kwa shida. Nilimwona akishika ukuta, akateremka polepole, na mguu wa kulia ukabaki umenyooka mbele yake.

"Ile pneu unatafuta," akasema, "iwe murefu."

"Mama, mzee anataka chini."

"Minajua anataka nini. Mais ile motokari iko chini sana, goti hii hapana kunja. Nikiingia mule sitatoka. Batanivuta na kamba mbele ya Padri."

Nilicheka, yeye hakucheka. Nikamuuliza kwa nini asimwambie tu mumewe. Wamekaa pamoja miaka yote hiyo, wamezaa watoto saba, goti ni kitu gani cha kuficha?

Alikunjakunja ncha ya kitenge chake.

"Nikimuambia goti inaniluma, ataniuliza tangu lini."

Basi hapo ndipo nilipochanganyikiwa rasmi. Nina wateja wawili, gari moja, na siri katikati. Mzee anataka gari liwe chini ili ile safari ya miguu ifutike. Mama anataka gari liwe juu kwa sababu ile safari ya miguu bado iko gotini. Na hakuna aliyenipa ruhusa ya kumwambia mwenzake. Katika depo nilifundishwa kuuliza maswali matatu: gari gani, barabara gani, mzigo gani. Hilo la nne, nani anakaa ndani, sikufundishwa. Ninyi liandikeni juu kabisa.

Nilijaribu kukwepa, nakiri. Nilisema moyoni kwamba tairi halisi likipatikana, lile la mia nne lenyewe, basi mambo yatakuwa kama yalivyokuwa na lawama haitakuwa yangu. Mtoto wao mkubwa anaishi Bruxelles, huko Ubelgiji. Nikamtumia namba za jante, ndiyo, kwa simu, msinitazame hivyo. Akajibu kwamba kule kuna watu wanaotengeneza upya tairi za magari ya zamani kwa ajili ya matajiri wanaoyapenda. Akanunua nne. Akazipeleka kwa mtu wa kwetu anayejaza kontena.

Mnaona inakokwenda.

Zilifika Butembo, tukaenda kuzipokea mimi na mzee Kambale. Yeye alivaa koti. Mlango wa kontena ukafunguliwa, tukapewa matairi mawili. Mzee akauliza mengine yako wapi. Mshushaji akasema, yamo. Na kweli yalikuwamo: mpakiaji wa kule amekunja mawili, ameyasukuma ndani ya mawili mengine, na tumboni amejaza suruali za jinzi na jozi za viatu vya watoto, kwa sababu mtu wa kwetu akiona shimo tupu ndani ya kontena hapati usingizi. Yalikuwa matairi mazuri, meusi kweli, yanayonuka upya. Tukayavuta watu wanne. Nikapitisha gumba.

Mzee Kambale alikuwa ananitazama uso, hatazami mkono wangu.

"Bado nzima?"

Nilirudia mara ya pili ili nipate muda. Yale ya ndani nyaya zilikuwa zimevunjika. Yale ya nje yalivutwa mpaka duara likawa yai. Roho iliniuma, wanangu. Nilimwambia.

Hakugombana na mtu. Aliokota kiatu kimoja cha mtoto kilichodondoka, akakirudisha ndani ya tairi, akasema twende nyumbani.

Sasa ilikuwa imebaki wiki moja tu jubilei ifike. Hapo nikamwita Mbusa, fundi wa kuchomelea vyuma, mtu mzima mwenzangu anayepaka mafuta ndevu zake. Njia ilikuwa moja: tuziweke kando zile jante za mia nne, tutafute jante nyingine, Mbusa atoboe matundu mapya yalingane na gari, na juu yake tuweke tairi linalopatikana mjini. Mzee alikubali, kwa masharti kwamba jante zake za zamani zisichomwe na bati lisiguswe. Palikuwa na uchaguzi wa namna mbili. Jante za kumi na tano zenye tairi jembamba, ambazo zingeliacha gari chini kama mzee alivyotaka, hata chini zaidi. Au za kumi na sita za jeep kuukuu, zenye tairi refu, ambazo zingelipandisha vidole vitatu. Vidole vitatu, na kitenge kilichokunjwa juu ya kiti. Mama Kavira alikuja akapima kwa kukaa juu ya ndoo yangu, iliyokuwa kimo cha kiti gari likiwa chini, na kisha juu ya ndoo yenye tofali. Kwenye ndoo yenye tofali aliinuka mwenyewe.

Nilikaa mbele ya yale mafungu mawili nikajiona mjinga. Nikichagua ya chini nimetimiza ahadi, na Mama atasimama nje ya mlango wa gari mbele ya watoto wake, na goti litajisemea lenyewe. Nikichagua ya juu nimemdanganya mzee aliyeniamini. Mbusa aliuliza mara mbili tuanze na zipi. Mara ya tatu alizima mashine, akaniambia kwamba umeme hautanisubiri.

Nikasema kumi na sita.

Siku ya kuzifunga, Mama Kavira alimpeleka mzee kwa Padri kuungama, akisema mtu hawezi kuingia jubilei na madhambi. Kwa hiyo yeye alikuwa anatubu, sisi huku tunatenda. Gari likasimama vizuri, nasema kweli, likapata heshima fulani. Mbusa akalisukuma uani, nikaushika usukani. Kushoto, safi. Moja kwa moja, safi. Kulia, tairi la mbele likakwaruza bati.

Pale juu ya gurudumu la kulia, kwa mbele, bati lilikuwa limekunjika kidogo kwa ndani. Ubao uliligonga siku ya kushushwa kwenye Fuso. Tairi la chini lisingefika pale. Hili refu lilifika. Ukikata kona kali ya kulia, linauma.

Sheria ya kwanza kabisa ya kazi yetu, kabla hata ya gumba, ni kwamba tairi lisiguse bati. Mbusa alishika nyundo, akasema ni pigo moja tu. Nikamzuia. Mzee alikuwa na desturi ya kulipapasa gari kila asubuhi kwa kiganja, kuanzia mbele hadi nyuma, na angelisikia hilo pigo moja kama wewe unavyosikia jino limetoka. Nikamwita Mama Kavira, akamwacha mzee kwenye foleni ya kuungama akaja, nikamwambia kwamba hapa imeshindikana, gari halikati kulia, turudishe zile za chini.

Alilitazama gurudumu.

"Kushoto inakata?"

"Inakata."

"Donc basi, tutapita kushoto."

Nilidhani anatania. Alichukua kijiti akachora mchangani. Ukitaka kwenda kulia na huwezi, zunguka mtaa mzima kwa kona tatu za kushoto, utatokea palepale unapotaka. Kutoka kwao mpaka parokia palikuwa na kona mbili kali za kulia. Ile ya kwanza, kwenye duka la dawa, angeizunguka kwa kupitia nyuma ya maghala. Ile ya pili ilikuwa lango la kanisa lenyewe, nayo haikuwa na dawa, kwa sababu barabara ya upande wa pili ilikuwa imekatwa na mvua, imekuwa korongo.

"Pale mulangoni tutaona," akasema, akafuta mchanga kwa mguu.

Akaongea na kiongozi wa waendesha pikipiki wa mtaa, ambaye angetangulia msafara. Mzee aliambiwa amfuate tu kiongozi, maana ndiyo heshima.

Siku yenyewe nilikuwa nyuma ya pikipiki, nimevaa kitenge cha jubilei na macho yako kwenye gurudumu la kulia. Mzee Kambale alitoka nyumbani na suti ya kijivu, gari ndiyo kwanza limefika kutoka kwa Mbusa. Alipotia mguu ndani ya gari nilimwona akisita. Mguu ulibaki hewani kidogo, kana kwamba sakafu imehama. Alitazama kiti, akatazama nyumba, akaingia. Mama Kavira akazunguka upande wake, akaketi juu ya kitenge, akaingiza miguu mmoja mmoja, akafunga mlango mwenyewe. Hakushika hata bega la mtu. Nikamshukuru Mungu kwa vidole vitatu.

Tukaondoka, pikipiki mbele, gari dogo, kisha magari ya watoto, kisha pikipiki tena, honi kila mahali. Kwenye duka la dawa ndipo vurugu ilipoanza. Kiongozi akapita moja kwa moja, mzee akamfuata. Lakini magari ya nyuma, yakijua kanisa liko wapi, yakakata kulia. Nusu ya pikipiki zikafuata gari la mzee na nusu zikafuata watoto. Sisi tukazunguka maghala. Kona ya kushoto, kona ya kushoto, na ile ya tatu kiongozi akaipita kwa sababu mtu alikuwa anashusha mifuko ya saruji katikati. Ikabidi turudie mzunguko mzima. Polisi wa barabarani alitupigia saluti mara ya kwanza. Mara ya pili alitupigia saluti na kukuna shingo. Kwenye njia panda tukakutana uso kwa uso na msafara wetu wenyewe, umegeuka kututafuta, na bibi mmoja dukani akauliza leo ni ndoa ngapi.

Nilimwona mzee Kambale kupitia kioo. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeamka nyumba ya wageni. Midomo yake ilikuwa inasema, kushoto tena? Na Mama Kavira, kilemba chake kimegusa kioo, alikuwa anacheka. Alikuwa anacheka mpaka mabega yanatikisika, anafuta macho kwa ncha ya kitenge, anaonyesha barabara kwa kidole, na mzee anamtazama yeye badala ya kutazama mbele. Nilisahau woga wangu kwa muda huo wote.

Halafu tukafika langoni. Kiongozi akaingia. Mzee akakata kulia.

Kelele ile waliisikia hata walio ndani ya kanisa. Harufu ya mpira ikatoka, gari likasimama pua ndani ya lango na mkia barabarani. Kwaya iliyokuwa imeanza ikanyamaza kidogo kidogo, sauti ya tatu ikiwa ya mwisho. Padri alisimama ngazini na kitabu chake.

Mzee Kambale aliteremka. Alikwenda mbele, akainama, akaweka kiganja juu ya tairi. Alilipapasa polepole kutoka chini mpaka juu, akafika mahali linapogusana na bati, akainua kichwa akanitafuta kati ya watu. Akanipata.

"Ii ni ya jeep."

"Ndiyo, mzee."

"Nani aliomba?"

Nilifungua kinywa. Nyuma yake mlango wa gari ulifunguka. Mama Kavira alitoa mguu wa kushoto, kisha wa kulia ulionyooka, akasimama mwenyewe, akarekebisha kitenge.

"Ni miye niliomba. Goti inaniluma."

Mzee akageuka.

"Tangu lini?"

Alisubiri mpaka mzee alipomtazama machoni.

"Tangu ile njia."

Mzee aliinamisha kichwa. Akasema kwa sauti ndogo, "Na hukuniambia."

"Nikuambie juu ya nini? Ungetembea ile njia kila siku mu kichwa yako. Niliona heri nitembee miye peke." Akamshika mkono. "Mais leo sikutembea. Leo umenileta na motokari."

Wakaingia. Sikumbuki mahubiri, nililia nikakosa hata kitambaa, na nilipomaliza kulia nikaanza kuwaza kuhusu lile tairi lililokwaruzwa, kwa sababu ndivyo nilivyoumbwa. Baada ya Misa watoto walilisukuma gari kinyumenyume mpaka barabarani, wazazi wakarudi nyumbani kwa kona za kushoto. Mzee hakuniongelesha siku ile. Aliniwekea nyama sahani mbili, lakini hakuniongelesha.

Jumatatu Mbusa akanipigia simu, sauti iko chini. Njoo, mzee yuko hapa na gari. Nikaenda nimejitayarisha kutukanwa. Nilikuwa nimeshayapanga yale matairi ya chini kwenye mkokoteni, tayari kuyarudisha, kwa sababu ahadi ni ahadi na sikuwa nimeitimiza.

Mzee Kambale alikuwa amesimama karibu na gurudumu la mbele, kiganja juu ya lile bati lililokunjika. Alitazama mkokoteni wangu, akauliza ni nini ile. Nikamwambia ni zile za chini.

"Rudisha kwenu."

Halafu akachora mstari kwa chaki juu ya bati, bati ambalo hakuna mtu aliyeruhusiwa kuligusa tangu mzungu wa kahawa, mstari wa mviringo kufuata tairi la jeep. Akampa Mbusa chaki.

"Kata."

Mbusa akanitazama mimi. Mimi nikamtazama mzee. Nikamwambia tunaweza kulipiga nyundo tu, taratibu, lisiharibike, rangi yake ni ya zamani, haipatikani tena.

"Munganga wa goti iko mukono ya kuume," akasema mzee Kambale. "Soko iko mukono ya kuume. Kwa dada ya Mama, kuume. Kata."

Mbusa akashusha miwani yake, akawasha mashine. Mimi nikalishika bati kwa mikono miwili lisitetemeke.